Pepo wa Probox

Alifika Jumanne kabla sijafungua kufuli,
Bi Thureya wa mikate ya mofa,
Probox yake ikitetemeka mlangoni mwa gereji,
Shimanzi, nyuma ya maghala ya chai.
"Fundi, mwezi wa tatu huu.
Nimebadilisha plagi, nimebadilisha pampu,
yule wa Magongo kala elfu kumi na mbili zangu
kwa sensa aliyoitoa mfukoni, imefungwa gazeti,
na ile taa ya manjano bado yanitazama
kama mavyaa.
Nyumbani washasema: injini hiyo ina jini."

Hakucheka. Nami sikucheka.

Nikachomeka mashine chini ya usukani.
P, sifuri, moja, saba, moja.
"Sensa ya oksijeni!" akadakia Chengo,
ana miezi minane hapa, na kila nambari kwake
ni kitu cha kwenda kununua.
Ngoja, nikamwambia. Huyu ni mtoto anayelia usiku:
kilio umekisikia,
hujajua ni tumbo, ni sikio, au ni mbu.
Asemacho ni hiki tu: mchanganyiko mwembamba,
hewa nyingi, petroli haba,
uji wa maji,
na mpishi anaapa kwamba unga aliupima.

Na kweli aliupima. Hapo ndipo penye kazi.
Kipima hewa huhesabu kila pumzi ipitayo kichungini,
bawabu mwaminifu wa geti la mbele.
Aliyeruka ukuta wa jikoni
bawabu atamjuaje?

Nikatoa kichungi: vumbi la Jomvu,
mabawa ya kumbikumbi, unga wa mtama.
Nikakikung'uta. Siye.
Nikatega sikio nisikie mfyonzo,
lakini Shimanzi husikii kitu,
malori yamepanga foleni hadi bandarini
na kila moja lina kikohozi chake.

Gereji kubwa za Nyali zina mashine ya moshi.
Mimi nina kopo la maziwa ya unga, pampu ya baiskeli,
na chetezo cha marehemu mama.
Chengo akakimbilia makaa kwa muuza mahamri.
Bi Thureya akafungua mkoba, akatoa kikasha:
udi wa harusi ya mwanawe, uliobaki.
"Kama ni kufukiza," akasema, "tufukize vyema."

Basi wakajaa. Wapakiaji wa chai, askari wa ghala,
muuza mahamri kafuata makaa yake.
"Oneni, fundi yuwapunga gari!"
"Pepo ataka nini? Pete? Kilemba chekundu?"
Nami nimepiga magoti, napampu,
jasho laniingia machoni.

Moshi ukapita kichungi, ukapita kipima,
ukafika penye kiwiko cha mpira mweusi,
na huko chini,
upande usioonekana ila kwa kioo cha kunyolea,
ukachomoza uzi mmoja wa bluu,
ukapanda polepole,
unanukia harusi.

Ufa. Urefu wa ukucha.
Injini ikitikisika hufunguka, ikizimwa hufumba,
ndiyo maana kila fundi aliuangalia umefumba.

Kumbe hawakukosea nyumbani kwake.
Pepo alikuwemo, ila jina lake kamili
ni upepo.

"Ataka nini basi?" akauliza Bi Thureya.
"Mpira. Mia nane, wa mtumba, wa Japani."
Akazirudia kwa sauti, mia nane,
kama mtu aliyetajiwa umri wa mtu asiyemdhania,
kisha akakaa juu ya tairi, akavua viatu.

Saa sita taa ilikuwa imezimika.
Aliondoka bila kutetemeka, yeye na gari,
akatuachia mikate minne kwenye karatasi.
Chengo alikuwa na daftari pajani.
Nikachungulia. Ameandika nambari kwa wino mwekundu,
na chini yake:
*makaa, udi, kioo. Usinunue kitu kwanza.*